Hisa ya kwanza ni ile unayoweza kufungua kitabu chake

Maoni ya agronomu



Wakati huu AVEC nyingi za kwetu, kutoka Mboko mpaka Kazimia, zinakaribia kugawana. Pesa kidogo itakuwa mikononi mwa watu, na pesa ikishaonekana, wenye kuitafuta nao wanaonekana. Miezi hii kuko swali moja ambalo limenifikia katika vikundi kuliko hata swali la mozaiki ya muhogo: «Agronomu, hizi aksio wanazouza kwa simu, mtu wa kijiji naye anaweza kununua? Ni kweli dola 50 inazaa dola 100 kwa mwezi mmoja?» Katika kikundi kimoja, jina sitasema, komite ilikuwa imeshafikiria kutoa pesa yote ya kese na kuiweka huko.

Jibu langu nalitoa mapema, ili asiyefika mwisho wa ukurasa asilikose. Ndiyo, mkulima anaweza kuwa na hisa, na wengi wenu munazo tayari bila kuziita kwa jina hilo. Hapana, hiyo ya dola 50 kuzaa 100 si hisa. Na maoni yangu ni haya: kwa mkulima wa Fizi, hisa ya kwanza ya kuongeza ni ile ya koperative yake mwenyewe, kwa sababu kitabu chake anaweza kukiomba na kukisoma. Masoko ya mbali yatakuja nyuma.

Hisa ni nini, hati ya deni ni nini

Tuanze na maneno, kwa sababu anayetaka kudanganya watu huanza kwa kuchanganya maneno.

Hisa, au aksio kama tulivyozoea kusema kwa Kifaransa, ni kipande cha umiliki. Kampuni ikigawanywa katika hisa 100, na wewe uko na moja, basi sehemu moja ya mia ni yako: ya mashini, ya nyumba, ya faida, na ya hasara pia. Mwaka mzuri utapata mgao wa faida. Mwaka mbaya hutapata kitu, na hakuna wa kumshitaki. Ni sawa vile kupanda migazi pamoja na jirani. Unangoja miaka mitatu, minne, ndipo unaanza kuona mawese. Upepo ukiangusha miti, mumeanguka wote.

Hati ya deni ni kitu kingine. Wafaransa wanaita obligasio, ndugu zetu wa Tanzania wanaita hati fungani. Hapo wewe humiliki kitu. Umekopesha serikali au kampuni, nayo imeandika: nitakulipa riba kiasi hiki, na siku fulani nitakurudishia pesa yako. Ni sawa vile kukodisha shamba. Mavuno yakiwa mengi au machache, kodi yako ni ile ile muliyopatana. Hatari inabaki moja kubwa: yule uliyemkopesha akishindwa kulipa, au pesa anayokulipa ikiwa imepoteza nguvu.

Sasa angalieni AVEC yenu. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa kijiji, kwa msaada wa CARE. Kila mkutano mama ananunua hisa moja mpaka tano, zinagongwa muhuri katika kidaftari chake, na pesa inaingia katika kasha lenye kufuli tatu. Kisha kese inakopesha wanachama na wanarudisha na riba. Kwa hiyo mwanachama wa AVEC ananunua hisa na anakopesha, vyote viwili, chini ya mwembe. Yeye si mgeni katika mambo haya. Kitu kipya kwake ni umbali tu.

Masoko yako wapi

Nchi yetu haina soko la hisa. Mtu akikuambia kwamba anauza aksio «za bourse ya Kinshasa», mazungumzo yaishe hapo. Kitu ambacho kiko ni hati za deni za serikali. Tangu mwaka 2019 Hazina inauza hati fupi, zinazoitwa Bons du Trésor, na hati ndefu za zaidi ya mwaka, zinazoitwa Obligations du Trésor. Zinauzwa kwa mnada na zinapitia benki. Kwa mtu wa Lulimba au Sebele, hiyo ni njia ndefu: akaunti ya benki, pesa nyingi kwa mara moja, na safari ambayo gharama yake inaweza kula riba ya mwaka mzima.

Jirani zetu wako na masoko. Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, Kigali mwaka 2011. Benki ya CRDB ya Tanzania, ambayo zamani herufi zake zilikuwa na maana ya Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, iliingiza hisa zake sokoni Dar mwaka 2009, na watu wa kawaida walinunua. Wengi wenu muliokaa Lugufu na Nyarugusu mulisikia matangazo kama hayo kwa redio. Kenya ilifika mbali zaidi: mwaka 2017 serikali iliuza hati ya deni kwa simu, jina lake M-Akiba. Mtu alianza na shilingi 3 000. Riba ilikuwa 10% kwa mwaka, na pesa yenyewe kurudi baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo mwenye shilingi 3 000 alipata 300 kwa mwaka, nusu yake kila miezi sita.

Someni tena hesabu hiyo. Serikali yenye jeshi, forodha na kodi, ilipokopa kwa raia wake, ililipa sehemu kumi kwa mia kwa mwaka mzima. Muiweke akilini mutakaposikia mtu wa simu anaahidi mia kwa mia kwa mwezi.

Hisa inapanda na inashuka

Nisiwadanganye kwamba soko halali ni salama kama ghala. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, iliuza hisa zake kwa watu mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800 000 waliomba. Kuko walioomba mkopo ili wanunue. Mwanzo wa mwaka 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita 40. Mwaka 2023 ilianguka tena chini ya 20. Mwenye pesa ya kungoja aliona faida. Mwenye mkopo wa kulipa kwa haraka alilazimika kuuza wakati wa hasara. Hisa ilikuwa ile ile. Walitofautiana katika aina ya pesa waliyoingia nayo.

Kuko mfano mwingine unaotuhusu zaidi, kwa sababu ni wa wakulima. Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi ya Kenya, iliingia soko la Nairobi mwaka 2001. Wakulima wa miwa waliona kiwanda kila siku kwa macho yao, moshi unatoka, magari yanapita. Lakini kuona kiwanda si kuona vitabu. Madeni yalikua, wakulima wakakaa bila kulipwa miwa yao, na mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi wa wadai. Aliyekuwa anauza miwa huko na tena alikuwa na hisa huko, alipoteza mara mbili.

Na kuko mfano wa upande wa pili, huko huko Kenya. Wakulima wadogo wa chai wanamiliki hisa katika kampuni za viwanda vinavyosindika majani yao, chini ya KTDA, ambayo ilitoka mikononi mwa serikali mwaka 2000. Wanagombana kila mwaka juu ya bei na juu ya wakubwa wao, lakini mkulima anapoleta majani, analeta katika kiwanda ambacho sehemu yake ni ya kwake. Analipwa kila mwezi, na mwisho wa mwaka analipwa nyongeza kulingana na kilo alizoleta. Mimi nikiangalia wakulima wetu wa muhogo na wa mawese, naona hiyo ndiyo njia ya kufuata, hata kama sisi tutaanza na mashini moja ya kusaga.

Mbegu isiyo na shamba

Wazee wanakumbuka Bindo. Mwaka 1990 na 1991, Kinshasa, watu waliuza vitu vya nyumbani ili waweke pesa kwa Bindo na kwa wengine waliomwiga. Wa kwanza walilipwa kweli, tena vizuri, na hao ndio waliovuta wengine. Kisha ilianguka na pesa haikuonekana tena. Tanzania waliona yao: kampuni moja iliitwa DECI, ilitumia maneno yetu ya kilimo, «kupanda mbegu» na «kuvuna». Mwaka 2009 serikali iliifunga.

Mimi kama mtu wa kilimo neno hilo linaniuma. Mbegu inazaa juu ya udongo, mvua na jasho. Ukiambiwa mbegu yako inazaa, uliza shamba liko wapi. Katika mchezo wa namna hii shamba ni mtu anayeingia nyuma yako. Pesa ya wa kumi inalipa wa tano, ya ishirini inalipa wa kumi, mpaka siku ambayo hakuna mwingine wa kuingia. Ndiyo maana wanakuhimiza ulete watu watatu, ulete watu watano.

Fanyeni hesabu na mtoto wa shule. Dola 50 ikizaa mara mbili kila mwezi, baada ya miezi 12 inakuwa zaidi ya dola 200 000. Mwenye siri hiyo hangekuja Baraka kuomba dola 50 kwa mama anayeuza ndagala.

Alama zake ni hizi. Anaahidi faida isiyobadilika na kubwa. Hawezi kueleza kwa maneno matatu faida inatoka kwa kazi gani. Anataka uamue leo. Anakulipa kwa kuleta watu. Na hana ofisi wala hati ambayo benki au mkuu wa serikali anaweza kuthibitisha. Alama moja ikionekana, shika pesa yako. Zikionekana mbili, waambie na majirani.

Tunaogopa karatasi, na tuko na sababu

Najua kuna wanaosema: agronomu, wewe kijana, karatasi tulizijua. Ni kweli. Mwaka 1979 noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa kwa ghafula. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100 000 zikawa franka 1. Katikati ya hayo, vita ya 1996 na ya 1998, watu wakavuka ziwa na nguo walizovaa. Mzee aliyeweka akiba yake katika mbuzi hakuwa mjinga.

Hata leo hesabu hiyo inabaki. Mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa karibu franka 1 700. Mwaka 2024 ilifika karibu 2 800. Aliyeficha franka 170 000, ambazo zilikuwa dola 100, alijikuta na dola 61 hivi. Kwa hiyo kila unapoambiwa riba, uliza kwanza: ni riba ya franka ao ya dola? Na pesa yangu inarudi lini? Lakini jibu la hofu hii si kukaa na pesa chini ya kitanda. Noti iliyofichwa ndiyo iliyopoteza zaidi katika hesabu hii.

Mupangilio ninaoupendekeza

Kwanza, lipeni madeni yenye riba kubwa. Mwenye deni la dola 50 kwa 10% kila mwezi analipa dola 30 ya riba kwa miezi sita. Hisa nzuri yenye kutoa 10% kwa mwaka, kwa dola 50 hizo hizo, ingempa dola 5 kwa mwaka. Hakuna soko duniani litakalokupa haraka kuliko kumaliza deni lako. Na katika madeni nahesabu lile baya kuliko yote: kuuza muhogo ungali shambani kwa mfanyabiashara, kwa nusu ya bei, kwa sababu mtoto anafukuzwa shule.

Pili, wekeni akiba ya msiba na ya ugonjwa, na akiba ya chakula. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, chini ya 13% ya maji, katika mifuko isiyopitisha hewa, ni akiba: wakati wa njaa bei yake huwa juu kuliko wakati wa mavuno. Mwenye akiba hii halazimiki kuuza hisa yake siku mbaya.

Tatu, ongezeni hisa katika koperative yenu. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inatumika Kongo tangu Septemba 2012, inasema wazi: kila mwanachama sauti moja, hata awe na hisa moja au ishirini. Mwenye pesa hanunui koperative. Tena inasema kwamba katika ziada ya kila mwaka, angalau 20% iende katika akiba ya jumla na angalau 20% katika akiba ya mafunzo, mpaka kila akiba ifikie kiasi cha mtaji ulioandikwa katika statuti.

Tuweke mfano. Koperative iko na wanachama 40, kila mmoja hisa ya dola 10. Mtaji ni dola 400. Mwaka umeisha, ziada ni dola 500. Dola 100 zinaenda akiba ya jumla, 100 akiba ya mafunzo, zinabaki 300. Mkutano mkuu ukiamua kuzigawa, zinagawanywa kufuatana na mazao ambayo kila mtu alileta. Mama aliyeleta mifuko 10 kati ya 200 anapata dola 15. Hisa yake haipandi bei kama ya Safaricom, na hawezi kuiuza sokoni. Matunda yake yanapitia pengine: katika mashini ambayo ni ya kwake pia, katika bei ambayo mfanyabiashara hawezi kumpangia peke yake, na katika hizo dola 15.

Nne, na hapo tu, masoko ya mbali. Mwenye pesa ambayo hataihitaji kwa miaka mitatu au mitano, na aliye na mtu wa kuaminika Kigoma, Dar au Nairobi, aanze kwa hati ya deni ya serikali au hisa kidogo, kupitia wakala mwenye leseni au benki, kwa jina lake mwenyewe. Asiweke yote mahali pamoja, kama vile hatupandi aina moja ya muhogo katika shamba zima.

«Koperative nazo zinakula pesa»

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na halikosi ukweli. Tumeona koperative za karatasi zilizozaliwa siku proje ilipofika na kufa siku proje ilipoondoka. Tumeona kese ambayo funguo zake tatu zilikaa katika nyumba moja. Mtu akiniambia afadhali simu ya mgeni kuliko mhasibu wa kwetu, naelewa hasira yake.

Lakini tufikiri. Mhasibu wa kwetu unajua nyumba yake. Kitabu chake unaweza kukiomba katika mkutano, na ukiona ukurasa umechanwa unaweza kumbadilisha kwa kura. Mgeni wa simu akizima namba yake, utapiga kura wapi? Koperative isiyosomewa vitabu inahitaji wanachama wanaovidai. Na yule asiyedai kusomewa kitabu cha franka zake mwenyewe hapa Mutambala, atawezaje kusoma ripoti ya kampuni ya Nairobi? Kujifunza kuwekeza kunaanza hapo, katika daftari la koperative, ukurasa wa mapato na ukurasa wa matumizi. Kwa hilo ile 20% ya mafunzo ina kazi: itumike kufundisha wanachama kusoma hesabu, hasa ba mama ambao ndio wanaoleta mifuko mingi na ndio wanaosikika kidogo mkutanoni.

Kabla ya kugawana

Kwa hiyo naomba kila kikundi, kabla ya kufungua kasha mwaka huu, kiulize maswali haya kwa sauti:

Nani kati yetu ana deni linalomla, na sehemu ya mgao wake inaweza kulimaliza?

Koperative yetu imesoma hesabu ya mwaka mbele ya wanachama wote? Zile 20% mbili zilitolewa, na ziko wapi?

Kama kila mmoja angeongeza hisa moja badala ya kula mgao wote, tungeweza kununua nini ambacho leo tunakodi?

Na kuna yeyote ambaye ameombwa kuweka pesa ya kikundi kwa simu? Aseme sasa, mbele ya watu.

Kile kikundi nilichotaja mwanzo, komite yake iliahirisha uamuzi mpaka mkutano wa wote. Hapo ndipo mahali pake. Pesa ya kese ni ya wanachama. Haiwezi kutoka kwa neno la watu watatu, hata kama ni watu wazuri. Sitapiga kura huko, mimi si mwanachama. Lakini wakiniuliza, nitawaambia nilivyowaambia ninyi: kama huwezi kuonyeshwa kitabu, usitoe pesa.